Puce Iko Wapi?

Je, mtu mwoga anaruhusiwa kumpa mtoto jina lake?

Swali hilo ndilo lililoninyima usingizi usiku wa kuamkia safari, nikiwa nimelala chali chumbani kwetu Katindo, mjini Goma, huku mvua ikipiga mabati. Dada yangu mkubwa Mapendo, ambaye namwita Yaya, alikuwa amenichagua niwe mama wa ubatizo wa binti yake. Mnajua kwetu mambo hayo yanavyokwenda: mama wa ubatizo ndiye anayetaja jina mbele ya padri, na jina linalotarajiwa ni lake mwenyewe. Kisha watu wanakaa miaka wakimtazama mtoto kuona kama amefuata tabia za mwenye jina. Mimi naitwa Perpétue. Nina diploma ya informatique, yaani mambo ya kompyuta, na sina kazi. Nikifunga mlango narudi kuhakikisha kama nimeufunga, halafu narudi tena kuhakikisha kama nilihakikisha. Nani anamtakia mtoto mchanga mzigo kama huo?

Nilijaribu majina mengine gizani. Agnès? Nilisoma na Agnès mmoja aliyekuwa anauma watu. Claire? Zuri, ila Claire wote ninaowajua wanaimba kwa sauti mbaya bila kujijua. Tantine Georgette, dada mdogo wa baba, alikuwa ameshaniambia bila kunung'unika: "Ukishindwa, mi nitasimama pa nafasi yako, nitamuita Agnès, byote vitaisha." Kulipokucha nilikuwa karibu kabisa kumpa nafasi hiyo.

Basi, ninyi mlioniuliza kanisani, kwenye simu, na hata nikiwa nimeinamishwa kichwa kwa msusi, kama ni kweli tulisukuma gari mlimani ili lipate rezo, yaani mtandao wa simu: ni kweli. Ninaandika mara moja ili nisirudie tena.

KATINDO HADI MUGUNGA

Tuliondoka Jumamosi asubuhi, barabara ikiwa bado na madimbwi. Shemeki Dieudo, mume wa Yaya, alikuwa kwenye usukani. Tantine alikaa mbele kwa sababu anadai magoti yake hayakunjiki, ingawa harusini yanakunjika vizuri sana. Nyuma tulikuwa Yaya, mimi na mtoto.

Mtoto tulimwita Puce. Siku alipozaliwa baba yake alimwinamia akasema "ma puce", kama Wafaransa wanavyowabembeleza watoto wao, na tangu hapo mtaa mzima ukashika hilo hilo. Jina la ubatizo alikuwa hana, na sababu ilikuwa imekaa pembeni yake ikila kucha.

Tulikuwa tunakwenda Nyabibwe, upande wa Kalehe, anakoishi mama yake Shemeki. Mama huyo miguu yake haimruhusu tena kusafiri na alikuwa hajamwona mjukuu hata mara moja. Kwenye kapela ya mlimani kwao padri hupanda kwa nadra, akitokea mbali kwa pikipiki. Jumapili hiyo angebatiza, kisha angeendelea na vilima vingine. Tukimkosa, hakuna aliyeweza kusema atarudi lini, na mama mkwe alikuwa amemwambia Yaya kwenye simu: "Mimi ninangojea kuona maji kwa kichwa ya ule mutoto, kisha Mungu afanye yake." Maneno ya namna hiyo huyasikii halafu ukachelewa.

Mugunga tukasimamishwa kwenye bariyeri, kizuizi cha kamba. Kijana mmoja aliinamia dirisha.

"Munaenda wapi?"

"Ubatizo," Shemeki akajibu.

"Wa nani?"

"Wa huyu."

Kijana akamtazama Puce, Puce akamtazama kijana. "Jina yake?"

Gari zima likanigeukia.

"Bado," nikasema.

"Bado namna gani? Mutu hana jina, ninyi munapitishaka nani?"

"Tunalitafuta," Tantine akadakia. "Weye uko na jina gani ya kutupatia?"

Kijana akafikiri kwa dhati, hata akavua kofia. "Mama yangu anaitwa Espérance," akasema taratibu. "Ni mutu muzuri." Akainua kamba. Tulipokuwa tunaondoka akapiga kelele nyuma yetu: "Espérance! Musisahau!" Nikaongeza Espérance kwenye majina yaliyonizunguka kichwani, nikaanza kuliogopa nalo pia.

SAKE

Sake tulisimama kwa ajili ya jibini. Hatukuwa na sababu nyingine. Tantine haamini kwamba mtu anaweza kupita Sake bila jibini ya Masisi, na akishuka hununua kama mtu anayechagua mkwe: alizigeuza, akazigonga kwa kidole, akazinusa, akamwuliza muuzaji ng'ombe alikuwa na afya gani.

"Mama, ng'ombe iko muzuri kukupita," muuzaji akamwambia.

"Haleluya," Tantine akasema, akachukua ile kubwa.

Tulipakata jibini ile kama abiria wa sita. Gari lilinuka, madirisha yakafunguliwa, Puce akapewa kipande, akakifinyanga, akajipaka. Ziwa lilikuwa limefunguka upande wetu wa kushoto, jua limetoka, Shemeki anaimba. Kwa muda mfupi nilisahau kuwa na wasiwasi. Kisha nikakumbuka kwamba nimesahau, ukarudi wote.

BWEREMANA

Bweremana lori la ndizi lilikuwa limezama kwenye matope katikati ya barabara. Magari yalijipanga huku na huku, madereva wakashuka kutoa ushauri. Shemeki akazima moteri. Tulikaa. Tukanunua mahindi ya kuchoma, tukakaa tena. Puce akaanza kulia kile kilio cha mtoto aliyeamua, na baba yake, akitaka amani, akampa ufunguo wa gari auchezee. Ufunguo ule ulikuwa mzee, kichwa chake cha plastiki kina ufa na kimefungwa kwa mpira. Puce akaufurahia mno. Aliutia mdomoni, akaupiga kwenye jibini, akauvuta kwa meno yake mawili ya chini, na sote tukamsifu kwa kunyamaza.

Lori lilipong'olewa watu walishangilia. Shemeki akachukua ufunguo, akaupangusa kwenye suruali, akakaza mpira, akawasha. Moteri ikanguruma, ikafa. Akawasha tena. Ikanguruma, ikafa. Kila mara ilipata uhai wa kutosha kutupa matumaini, kisha ikatunyang'anya. Kwenye dashibodi kitaa kidogo chekundu chenye picha ya ufunguo kilikuwa kinapepesa.

Mara gari likazungukwa na mafundi ambao jana yake walikuwa wakulima. Mmoja akasema ni mafuta machafu. Mwingine akasema ni betri. Wa tatu akafungua boneti, akatazama ndani kwa muda mrefu, akaifunga kwa heshima kama mtu aliyetoka kumwona maiti.

Tantine akanigeukia. "Weye ulisoma mambo ya ordinateur. Tengeneza basi."

"Tantine, gari na ordinateur si kitu kimoja."

"Byote vinatumia umeme."

Shemeki akampigia Papa Jado, mtu wa umeme wa magari aliye jirani yetu Katindo. Simu ilikuwa inakatika kati ya milima na ziwa, akaiweka kwa sauti kubwa.

"Papa Jado! Gari inawaka, inazimika!"

"Kuna... taa... ya ufunguo inawakawaka?"

"Eeh, njo inawaka!"

"Basi ni puce. Gari haisome... puce. Angalieni puce kama..." Na rezo ikaondoka.

Tukatazamana. Kwetu, puce ni ile kadi ndogo unayoingiza ndani ya simu ili upate namba. Kila mtu Goma anaijua, anainunua barabarani, anaipoteza. Sasa ya gari ni ipi?

Hapo ndipo mimi, msomi wa familia, nilipofungua mdomo. Nilikumbuka kwamba magari mengine hufichwa kifaa kinachotuma habari kwa mwenye kuuza ili ajue gari liko wapi, na kifaa hicho hutumia puce kama ya simu. Shemeki akathibitisha: ndiyo, muuzaji aliwahi kutaja kitu kama hicho. Basi nikaendelea. Kama puce haisomwi, nikasema, maana yake haipati rezo. Kama haipati rezo, kifaa kinadhani gari limeibwa. Kikidhani limeibwa, kinazima moteri. Nilieleza kwa mikono. Nilichora matopeni kwa kijiti. Kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyojiamini, na mimi kujiamini ni jambo nililolisikia kwa wengine tu.

"Kwa hiyo gari inatafuta rezo," Shemeki akasema.

"Kabisa."

Mwanamke mmoja mwenye beseni ya sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa letu, akanyoosha kidole juu ya kilima. "Rezo iko kule. Sisi wote tunapandaka kule kwa kupiga simu."

Sote tukainua macho. Palikuwa na njia ya mawe inayopanda.

MLIMA WA REZO

Ninataka muelewe kwamba hakuna aliyecheka mwanzoni. Vijana waliokuwa wamelitoa lori la ndizi bado walikuwa na nguvu na furaha, na waliposikia kwamba gari linapelekwa kutafuta rezo waliona ni jambo la maana. Wakashika nyuma na ubavuni. Shemeki akashika usukani. Tantine alishuka, akakataa kusukuma, akawa kiongozi wa wimbo.

"Rezo iko wapi?" akauliza kwa sauti ya kwaya.

"Iko juu!" wakajibu.

"Tuifuate?"

"Tuifuate!"

Tulipanda. Watu wa mashambani waliacha majembe. Mzee mmoja akauliza, "Gari inagonjwa?" na kijana akamjibu bila kusimama, "Hapana, muzee, inataka kupiga simu." Mzee akatikisa kichwa kama mtu aliyejua tangu zamani kwamba tutafika huko. Yaya, na Puce mgongoni, alianza kucheka kwenye kona ya kwanza. Kwenye kona ya pili alikuwa amekaa chini. Mimi nilisukuma kwa bega huku nikikagua hoja yangu upya. Katikati ya mlima niliona tobo ndani yake: kama kifaa kilihitaji rezo kila wakati, mbona gari lilipita sehemu zote zisizo na rezo? Nilitaka kusema. Nikatazama vijana wale, jasho lao, wimbo wao. Nikanyamaza, nikasukuma.

Juu, simu za watu wote zililia kwa pamoja. Kijana mmoja alipata habari kwamba shemeji yake amejifungua, akaachia gari ghafla, nusura liturudie. Tantine alipokea ujumbe wote wa kwaya tangu asubuhi, akaanza kuusoma kwa sauti. Furaha ilikuwa kubwa. Shemeki akapandisha mabega, akawasha.

Ikanguruma. Ikafa.

Kisha mlango wa nyumba iliyokuwa mbele yetu ukafunguka na mama mmoja akatoka na mwiko mkononi. Hapo tuligundua kwamba njia yote ile ilikuwa inaishia uani kwake.

"Mumeniletea gari?" akauliza.

KWA MAMA RIZIKI

Anaitwa Mama Riziki, familia yake ilitokea Masisi, na nyumbani kwake kinasemwa Kinyarwanda, ila Kiswahili chake kilitosha kututania sote. Shemeki alitaka kumpigia tena Papa Jado, na hapo simu yake, ambayo peke yake ilikuwa na namba hiyo, ikazima kwa kukosa moto, yaani chaji. Tulikuwa na rezo ya kumwaga na hatuna namba. Jua lilikuwa linaelekea nyuma ya milima. Mama Riziki alimtazama Puce, akatazama jibini, akasema tutalala kwake, jambo lililohitaji maelezo ni hiyo jibini tu.

Tulikula bugali na sambaza wa kukaanga na lengalenga, mchicha wa kwetu, na jibini ikakatwa. Wakati wa kula Tantine akamweleza habari zote za ubatizo, pamoja na hofu yangu, kama vile mimi sipo.

"Njo huyu?" Mama Riziki akaniuliza. "Unaogopa kumupatia jina yako?"

"Naogopa atafuata tabia zangu."

"Tabia gani? Unaibiaka batu?"

"Hapana."

"Unapigaka batu?"

"Hapana, Mama. Nafikiri sana."

Akamgeukia mumewe akamwambia jambo kwa Kinyarwanda, na yule baba, aliyekuwa kimya tangu tufike, akacheka hadi akaweka sahani chini. Nilimwuliza amesema nini. "Nimemuambia hapa kwetu kuna nafasi ya mutu mumoja wa kufikiri, sababu yeye anakataaka hiyo kazi."

Nilicheka pia. Lakini Yaya alipokuwa anamlaza mtoto aliniambia kwa sauti ya chini, "Mimi sikukuchagua kwa kukosa mutu. Ila kama jina yako inakuwa muzigo kwako, useme kesho asubuhi, Tantine asimame. Nitakuelewa." Alilisema vizuri, bila hasira. Hilo ndilo lililoniuma: kwamba angenielewa.

PUCE IKO WAPI

Asubuhi ya Jumapili, kabla hata chai haijachemka, simu ilikuwa imepata moto kidogo kutoka kwenye taa ya jua ya Mama Riziki. Misa ingeanza kabla ya saa sita, na barabara ya kwenda Nyabibwe si ya kukimbilia. Kulikuwa na baridi ya mlimani. Yaya alimvalisha Puce triko yake ya jana, sweta ya sufu yenye mfuko mdogo wa picha ya bata kifuani, akambeba mgongoni, mtoto akasinzia palepale.

Shemeki alikaa garini tayari kuwasha, kwa hiyo Tantine ndiye aliyeshika simu, sauti kubwa, mkono mmoja kiunoni. Sasa nawaomba mkumbuke jinsi Kiswahili chetu cha Goma kisivyobagua: mtu iko, kitu iko, mbuzi iko.

"Allo, Papa Jado! Siye bado tuko njiani!"

"Aah! Jana mulikatika. Ile puce, mumeiona?"

"Puce? Iko hapa."

"Iko wapi?"

"Iko kwa mugongo ya mama yake."

Papa Jado akashangaa. "Inafanya nini kule?"

"Inalala."

"Mama Georgette, sikiliza vizuri. Muikamate, muilete karibu ya contact, pale ufunguo inaingiaka. Karibu kabisa, iguse. Halafu awashe."

"Iguse?"

"Iguse! Bila ile, gari haiwezi kukubali."

Tantine alishusha simu, akatutazama kwa uso wa mtu aliyepokea agizo zito. "Anasema tumulete mutoto karibu ya ufunguo."

"Mutoto?" Yaya akasema.

"Anasema gari haikubali bila yeye."

Mngedhani kwamba kati ya watu wazima wanne, mmoja wao mwenye diploma, mtu angeuliza swali. Ninaapa nilikuwa na maswali mengi mno, ndiyo maana hakuna hata moja lililowahi kutoka. Niliwaza labda ni uzito. Niliwaza labda ni joto la mwili. Wakati bado nawaza, Tantine alikuwa ameshamtoa Puce mgongoni, amempitisha dirishani, na Shemeki amempakata kifudifudi juu ya usukani, kifua chake kimebanwa pale ufunguo unapoingia. Puce akaamka, akaona usukani, akacheka.

Shemeki akazungusha ufunguo.

Moteri ikanguruma. Ikaendelea kunguruma. Kitaa chekundu kikazimika. Ilinguruma vizuri, kwa utulivu, kama gari ambalo halijawahi kumsumbua mtu.

Kisha Mama Riziki akapiga kigelegele kimoja kirefu, mumewe akatoka nje na sabuni usoni, Tantine akapiga magoti, yale yasiyokunjika, na Yaya akanikumbatia akirukaruka. "Mutoto wangu anawashaka gari! Mutoto wangu!" Mimi nilikuwa ninalia na kucheka. Shemeki peke yake hakusogea. Alikuwa amembana bintiye kwenye usukani, anaogopa kumwinua.

"Inawaka?" sauti ya Papa Jado ikauliza kutoka kwenye simu.

"Inawaka! Bwana asifiwe!"

"Nilisema. Sasa muichukue ile puce, muifunge na scotch, ile ya kubandika, ku ufunguo, isianguke tena."

Tantine akaganda. "Tumufunge mutoto na scotch?"

"Mutoto gani?"

Ndipo ikaeleweka, polepole, na kwa aibu kubwa. Papa Jado alieleza, akikatishwa na kicheko chake mwenyewe, kwamba ndani ya kichwa cha ufunguo kuna puce nyingine kabisa, kidude cheusi kidogo kama mbegu ya papai. Gari hukisoma kikiwa karibu, na lisipokisoma linakataa kuendelea kuwaka hata ufunguo uwe ni wenyewe. Nilifungua ule mpira. Kichwa cha ufunguo kilikuwa kitupu, na tundu lake lilikuwa na jibini.

"Sasa kama puce haiko ndani ya ufunguo," Papa Jado akauliza, "gari inasoma nini?"

Sote tukamtazama Puce.

"Amemeza," nikasema. Nilikuwa wa kwanza kulifikia, bila shaka. Na nilipolifikia sikukaa hapo, niliendelea: nilimwona akiwa mtu mzima, ameajiriwa mbali, na Shemeki anampigia aje Goma ili gari liwake. Yaya alikuwa ameshapiga ukelele. Shemeki akasema kwa sauti isiyo yake, "Haitaibiwa tena, hii gari," kisha akaona haya kwa kulisema.

Lakini kitu fulani kilinigusa. Miaka yote nafikiri hadi watu wanachoka, sasa nikafikiri jambo moja tu: kama ingekuwa tumboni, ingekuwa mbali na chuma kile. Kilichobanwa pale kilikuwa kifua. Nikanyoosha mkono dirishani, nikatia kidole ndani ya mfuko wa bata. Mlikuwa na makombo ya jibini yaliyokauka, na katikati yao kitu kidogo, kigumu, cheusi.

Nilikiinua juu. Sikumbuki nani alinibeba, ila kwa muda nilikuwa siko chini.

NYABIBWE

Tulikifunga kile kidude kwenye ufunguo kwa plasta ya kidonda ya Mama Riziki, tukamwachia jibini yote iliyobaki, tukashuka mlima breki zikilia. Chini Bweremana wale vijana walikuwa njiani kwenda kanisani. "Ilipata rezo?" wakatupigia kelele. "Ilipata!" tukajibu, na sikuona sababu ya kusema zaidi.

Shemeki alikataa kuzima moteri. Tulimwambia kwamba tatizo limekwisha, kwamba tumeliona kwa macho. "Niliona kwa macho mutoto anawasha gari," akasema. "Sizime kitu." Minova tulinunua maji moteri ikiwaka. Kwenye kona zile za juu ya ziwa, ambako lori likija mmoja lazima arudi nyuma, alirudi nyuma moteri ikiwaka na midomo ikisali. Kadiri tulivyokaribia, kicheko kilipungua garini. Yaya alitazama jua mara kwa mara. Tantine alikuwa anajinong'oneza kitu, na niliposikiliza nikasikia: "Agnès. Ninamupatia jina Agnès." Alikuwa anajizoeza kwa ajili yangu. Sikuwa nimemwambia ndiyo wala hapana.

Tulifika watu wakiwa wameshasimama mbele ya kapela na padri yuko mlangoni na stola yake, akiwapokea watoto wa ubatizo mmoja mmoja. Sisi tulikuwa wa mwisho. Mama mkwe alikuwa ameletewa kiti, amekaa karibu na mlango, na alipotuona alinyoosha mikono yote miwili kumwelekea mtoto. Shemeki aliegesha hatua chache kutoka hapo, akashuka, akaacha gari likinguruma. Bado tulikuwa na matope hadi magotini. Triko ya bata ilinuka jibini.

Yaya alinigeukia, mtoto mikononi. Tantine alikuwa ameshasogea nusu hatua mbele, kwa upendo, ili kuniokoa. Nilikuwa na sababu zangu zote, ziko sawa, zimepangwa, hakuna hata moja iliyokuwa imejibiwa. Nikamchukua Puce kutoka kwa mama yake. Alikuwa mzito kuliko nilivyotarajia, na alinishika sikio.

"Mnampa mtoto huyu jina gani?" padri akauliza.

"Perpétue," nikasema.

Padri akainama, mkono nyuma ya sikio. Moteri ya Shemeki ilikuwa imemeza sauti yangu yote. "Nani?"

"Bado unaweza kusema Agnès," Tantine akaninong'oneza.

Nikavuta pumzi. Nikalisema kwa sauti ambayo mama mkwe aliisikia kitini kwake, na wale wa nyuma kabisa wakageuka kutazama ni nani anayepiga kelele kanisani:

"Perpétue! Kama mimi."